Maji ya Vuguvugu na Afya ya Ngozi

Mwezi wa Julai ni mwezi wa baridi katika milima ya Usambara. Asubuhi ukungu hutanda mabondeni, na mwanafunzi wa Lushoto, wa Mlalo au wa Mtae hapendi hata kuyatazama maji yaliyolala ndani ya ndoo usiku kucha. Mama au dada huinjika sufuria jikoni, maji yakapata moto, yakachanganywa na maji baridi, na hapo kuoga huwa raha. Mwenzako anayekaa Mombo, chini ya milima, huenda asikuelewe, kwa maana huko joto ni jingi na maji ya baridi ndiyo yanayotamaniwa.

Maji hayo ya vuguvugu ndiyo tutakayojifunza katika sura hii. Watu wengi hudhani kwamba maji yakishapata moto yamekuwa safi. Sivyo. Maji yanayochemka huua vijidudu. Maji ya vuguvugu hayaui. Mara nyingi huwalea. Joto linaloupendeza mwili wako unapooga ndilo linalowapendeza pia bakteria wengi wanaoleta maradhi ya ngozi. Ili uelewe sababu yake, yakupasa kwanza kuijua ngozi yako mwenyewe.

Ngozi ni ukuta wenye milango

Tazama mkono wako upande wa nyuma. Utaona nywele fupi na laini, ambazo huitwa malaika. Kila laika limeota ndani ya kitundu kidogo kiitwacho kinyweleo. Sasa geuza mkono, utazame kiganja. Hakuna malaika hata moja. Kumbuka tofauti hiyo, kwa kuwa tutaihitaji baadaye.

Ngozi ina tabaka mbili kubwa. Tabaka la juu limefanywa kwa chembe zilizokufa, kavu na bapa, zilizolaliana kama vigae vya paa. Unapojisugua wakati wa kuoga, baadhi ya chembe hizo hubanduka na kutoka pamoja na jasho na vumbi. Hiyo ndiyo nongo. Chini yake kuna tabaka lililo hai, lenye mishipa ya damu, mishipa ya fahamu, matezi ya jasho, na mashina ya nywele.

Tabaka la juu likiwa kavu na zima, ni ukuta mzuri sana. Bakteria wengi hukaa juu ya ngozi yako hata wakati huu unaposoma, na hawakudhuru. Shida huanza wanapopata mlango wa kupitia. Mlango huo waweza kuwa mkwaruzo, jeraha, au mahali ulipoumwa na mdudu. Waweza pia kuwa kinyweleo.

Umepata kukaa majini muda mrefu mpaka ngozi ya vidole ikakunjamana? Basi umeona kwa macho yako kwamba maji hubadili ngozi. Tabaka la juu hunywa maji, likavimba na kulainika. Maji yakiwa na joto, mafuta yanayoilinda ngozi huondoka upesi zaidi, na vinyweleo hulegea. Ukuta haujabomoka, lakini milango yake imeachwa wazi kidogo. Bakteria aliyemo majini hahitaji zaidi ya hapo.

Bakteria huhitaji nini?

Bakteria ni viumbe vyenye chembe moja tu. Mtu wa kwanza kuwaona na kuandika habari zao alikuwa Antoni van Leeuwenhoek, mfanya biashara ya vitambaa wa Delft, Uholanzi, ambaye alitengeneza hadubini zake kwa mikono yake mwenyewe. Aliwaona ndani ya tone la maji mwaka 1676.

Bakteria anayetuhusu zaidi katika sura hii huitwa sudomonasi. Umbo lake ni kama kijiti kifupi chenye mkia, na mkia huo humsaidia kuogelea. Ni mdogo mno: wakipangwa 500 kwa mstari, mmoja nyuma ya mwenziwe, urefu wa mstari huo ni kama milimita moja. Sudomonasi huishi katika udongo, katika mito, juu ya majani, na mahali popote penye unyevu. Kwa hiyo hakuna haja ya kumtafuta mbali. Yumo katika tuta la kabichi, na yumo katika kijito unachokivuka uendapo shule. Mtu mwenye afya hukutana naye kila siku bila ya kudhurika, kwa sababu bakteria hao ni wachache na ngozi ni nzima.

Lakini mpe sudomonasi maji yaliyotulia, chakula kidogo, na joto. Chakula chake si cha ghali: nongo, jasho na mafuta ya mwili humtosha. Joto analolipenda ni kama nyuzi 37 za sentigredi, yaani joto la mwili wako, na hata nyuzi 40 humfaa. Akipata hayo, hujigawa na kuwa wawili. Wawili huwa wanne. Tuseme bakteria mmoja hujigawa kila baada ya nusu saa. Kokotoa katika daftari lako: baada ya saa moja watakuwa 4, baada ya saa mbili 16, na baada ya saa tano 1,024. Je, baada ya saa kumi? Watakuwa 1,048,576, yaani zaidi ya milioni moja. Nao walianza mmoja jioni, ulipomaliza kuoga, na bado hakujakucha.

Jaribio la maziwa

Hatuwezi kuwaona bakteria kwa macho, ila twaweza kuiona kazi yao. Fanyeni jaribio hili pamoja na mwalimu wenu.

Chukueni chupa tatu safi, ndogo, zenye vifuniko, na maziwa mabichi ya ng'ombe yaliyokamuliwa siku hiyo. Tieni maziwa kiasi katika chupa ya kwanza, mfunike, muiweke karibu na jiko mahali penye joto la wastani. Chupa ya pili itieni maziwa yale yale, lakini iwekeni ndani ya beseni la maji baridi, kivulini, na maji hayo yabadilishwe kila yanapoanza kupata joto. Chupa ya tatu ichemsheni kwanza pamoja na kifuniko chake. Kisha chemsheni maziwa, yatieni humo, mfunike, na muiweke jikoni kando ya chupa ya kwanza. Tazameni chupa zote asubuhi, adhuhuri na jioni kwa siku mbili, na kuandika mnayoyaona. Maziwa hayo yasinywewe.

Mtaona kwamba maziwa ya chupa ya kwanza huganda mapema kuliko ya nyingine. Ya chupa ya pili hukawia, kwa sababu baridi huwachelewesha bakteria, ingawa haiwaui. Maziwa ya chupa ya tatu yamekaa mahali pamoja na ya kwanza, katika joto lile lile, na hata hivyo yamekawia kuharibika. Kwa nini? Kwa sababu bakteria wake wengi walikufa yalipochemshwa, na kifuniko kikawazuia wengine wasiingie kwa urahisi. Bakteria wanaogandisha maziwa si wale wanaotoa vipele vya ngozi, lakini desturi yao kuhusu joto ni moja.

Huenda mwalimu wako alikufundisha kwamba maji huchemka kwenye nyuzi 100. Hiyo ni kweli pwani, kule Tanga. Mji wa Lushoto uko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,400 hivi, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 95 au karibu yake. Usiwe na wasiwasi: joto hilo linatosha kabisa kuwaua bakteria tunaowazungumzia.

Bwawa dogo la hoteli

Katika hoteli nyingi za watalii, kwa mfano zile za Unguja na Arusha, kuna mabwawa madogo ya kuogea ambayo maji yake hutiwa moto na kuzungushwa kwa pampu. Watu wanne au watano hukaa humo pamoja, na hewa hupigwa chini kwa chini hata maji yakatoa mapovu kama sufuria inayotokota. Watu wengi huliita bwawa hilo jakuzi. Maji yake huonekana kana kwamba yanachemka, lakini hayachemki hata kidogo. Joto lake ni nyuzi 38 hadi 40. Mapovu ni hewa tu.

Mwaka 1975 madaktari wa Marekani waliandika taarifa juu ya ugonjwa wa ngozi katika jimbo la Minnesota. Watu waliokuwa wamepanga katika hoteli moja ya kando ya barabara walitokwa na vipele vyekundu vya kuwasha. Walipochunguzwa ilionekana kwamba walikuwa wameoga katika bwawa la maji ya moto lenye mapovu, na bakteria aliyepatikana alikuwa sudomonasi. Tangu wakati huo ugonjwa huo umeonekana katika nchi nyingi ambako watu hutumia mabwawa ya namna hiyo.

Vipele hivyo hutokea kwa kawaida baada ya saa chache, au siku moja au mbili, tangu mtu alipooga. Kila kipele huzunguka kinyweleo kimoja, na kichwani mwake huweza kuwa na usaha. Bila shaka sasa umejua kwa nini tulikuambia ukikumbuke kiganja chako. Kwa kuwa kiganja hakina vinyweleo, vipele hivi havitokei hapo. Huwa vingi zaidi mahali palipofunikwa na vazi la kuogelea, kwa sababu kitambaa kilichorowa huyashikilia yale maji machafu juu ya ngozi muda mrefu hata baada ya mtu kutoka bwawani. Mtu mwenye afya aghalabu hupona katika siku saba hadi kumi bila ya dawa yoyote. Kwa mtu ambaye mwili wake umedhoofishwa na maradhi mengine, jambo hilo si dogo, naye hana budi kumwona daktari.

Lakini je, mabwawa hayo hayatiwi dawa? Hutiwa. Dawa inayotumika zaidi ni klorini, na hutumika pia kusafisha maji ya bomba mijini. Klorini huua sudomonasi vizuri, ikiwa ipo ya kutosha. Taabu ni kwamba katika maji ya moto yanayotoa mapovu haikai. Joto na mapovu huifukuza ikaenda hewani, na nongo na jasho la waogaji huimaliza nguvu.

Tufanye hesabu ndogo. Bwawa kubwa la kuogelea lenye lita 150,000 likiingiwa na watu watano, kila mtu ana lita 30,000 za kuchafua. Bwawa dogo lenye lita 1,500 likiingiwa na watu hao hao, kila mmoja ana lita 300 tu. Utaona kwamba maji machache, yenye joto, yanayotumiwa na watu wengi, huchafuka upesi sana hata kama bado yanang'aa kwa macho. Ndiyo maana wataalamu hutaka bwawa la maji ya moto liwe na miligramu tatu za klorini, au zaidi kidogo, katika kila lita ya maji, na maji hayo yapimwe mara kadhaa kwa siku. Kumwaga dawa asubuhi na kuondoka hakutoshi.

Kuna jambo jingine ambalo mtu hawezi kuliona kwa kutazama maji. Pitisha kidole ndani ya ndoo ya zamani ambayo haijasuguliwa siku nyingi, au juu ya jiwe lililo mtoni. Utahisi utelezi. Utelezi wa namna hiyo hufanywa na viumbe vidogo sana, wakiwemo bakteria, ambao hutoa kitu kama gundi, wakajishikiza nacho na kukaa chini yake. Sudomonasi ni fundi wa kazi hiyo. Ndani ya mabomba ya bwawa la hoteli hujijengea utelezi, na klorini ikipita juu yake huwaua wale wa nje tu. Kwa hiyo bwawa halina budi kumwagwa maji yote mara kwa mara na kuta zake kusuguliwa. Siku moja huenda wewe au ndugu yako akapata kazi hotelini na kukabidhiwa ufunguo wa chumba cha pampu. Kazi hiyo si ya kupuuzwa, kwa maana afya ya wageni wote imo mikononi mwa mtu huyo.

Huenda ukauliza habari za maji ya moto yanayotoka ardhini yenyewe. Katika mkoa wetu wa Tanga ziko chemchemi za maji ya moto yenye salfa huko Amboni, nazo hunuka kama mayai viza. Watu huenda kuoga huko wakiamini kwamba maji hayo hutibu ngozi. Maji yanayobubujika na kwenda zake hayafanani na maji yaliyofungiwa bwawani, maana uchafu wa mwogaji huchukuliwa. Hata hivyo, mtu mwenye kidonda kibichi asiende kukitosa katika maji yoyote ya asili, yawe ya moto au ya baridi. Salfa si dawa ya kila kitu.

Ndoo, beseni na dodoki

Sasa turudi nyumbani, ambako hakuna pampu wala mapovu.

Mathalani, watoto watatu huogeshwa katika beseni moja la maji ya vuguvugu, mmoja baada ya mwingine, ili kuni zisiishe. Jambo hili linaeleweka, kwa kuwa kuni hutafutwa kwa taabu na msitu wa Magamba haukuwekwa ili sote tukakate humo. Lakini yule wa tatu anaoga maji yaliyokwisha pokea nongo za wenziwe wawili. Kama wa kwanza alikuwa na jipu, basi wa tatu anaoga pamoja na jipu hilo. Njia nzuri ni kuyaweka maji ya moto katika ndoo moja, na kila mtoto akajimwagia kwa kopo, maji yaliyomgusa yakaenda zake chini. Kuni ni zile zile. Maji pengine hayazidi.

Halafu liko dodoki. Mmea wake hutambaa juu ya ua, na tunda lake likikauka hubakia nyuzi ngumu ambazo zafaa sana kusugulia mwili. Ni kitu kizuri, hakinunuliwi kwa bei kubwa, wala hatukuambii ukitupe. Lakini lichunguze dodoki lako. Limejaa vitundu, na ndani ya vitundu hivyo hubaki nongo na povu la sabuni. Likiachwa limerowa katika kona ya bafu, lina maji, chakula, na giza. Mwaka 1994 wachunguzi wa New York walichapisha matokeo ya kazi yao juu ya madodoki. Walimpata sudomonasi katika dodoki la mgonjwa mwenye vipele, na wakaonyesha kwamba bakteria wachache waliotiwa katika dodoki bichi waliweza kuongezeka na kuwa wengi mno kwa usiku mmoja. Asubuhi mwenye dodoki hujisugua nalo kwa nguvu. Kusugua huku kunakwaruza ngozi, na maji ya vuguvugu yameilainisha, kwa hiyo bakteria hao wamepakwa hasa mlangoni.

Kila umalizapo kuoga, lisuuze dodoki mpaka povu liishe, likamue, na ulitundike nje, juani. Jua na upepo ni maadui wa sudomonasi, kwa kuwa hawezi kuongezeka pakavu. Mara moja kwa juma lichemshe, na likianza kunuka au kuwa jeusi litupe, uchume jingine. Kila mtu awe na lake. Yaliyosemwa juu ya dodoki yanahusu pia kitambaa cha kuogea na taulo. Katika miezi ya mvua, nguo zisipokauka kwa siku mbili au tatu, zianikwe juu ya kamba karibu na jiko.

Kipele kinapokuwa kidonda

Sudomonasi si mkali kuliko wote. Wako wengine wawili ambao hukaa juu ya ngozi za watu, na hawa huleta madhara zaidi kwa watoto wa umri wako. Wa kwanza ni stafilokoki. Ukimtazama kwa hadubini ni mviringo, nao hukaa kwa mafungu kama zabibu. Yeye ndiye anayeleta majipu. Wa pili ni streptokoki, ambaye hujipanga kama shanga zilizotungwa. Huyu, na mara nyingine mwenzake pia, huleta vidonda vya juu juu ambavyo hutoa maji na kufanya magamba ya rangi ya asali, hasa kuzunguka mdomo na pua. Huambukizwa kwa kugusana, kwa taulo, kwa maji ya beseni, na kwa kucha.

Kucha ndizo zilizosahauliwa na wengi. Kipele huwasha, nawe unajikuna. Ukucha mrefu unachana ngozi na kuingiza uchafu ndani. Kipele ambacho kingepona chenyewe kwa siku chache sasa kimekuwa kidonda cha majuma mawili. Kata kucha zako. Kipele kikiwasha, kioshe kwa sabuni na maji safi, ukipanguse kikauke, usikitumbue. Usaha una bakteria hai, na pia chembe nyeupe za damu zilizokufa katika kupigana nao.

Watu wazima wengine husema kwamba vidonda vya watoto ni kawaida na vitakwisha vyenyewe. Yafaa wajue jambo hili. Aina fulani za streptokoki wa ngozi huweza kuharibu kazi ya figo. Majuma mawili au matatu baadaye, pengine kidonda kikiwa kimekwisha pona, mtoto huamka asubuhi amevimba uso na macho, na mkojo wake una rangi ya chai nyeusi. Hiyo ni damu. Mtoto huyo apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Kadhalika apelekwe mtoto yeyote mwenye vidonda vinavyoenea, au jipu lenye homa, au mstari mwekundu unaopanda kutoka kwenye kidonda.

Mlango uliofunguliwa na kiroboto

Hatuwezi kumaliza habari za ngozi katika wilaya ya Lushoto bila ya kutaja tauni. Tauni haitokani na maji, wala si ugonjwa wa ngozi tu, lakini hutuonyesha jinsi tundu dogo kabisa katika ukuta linavyoweza kuwa jambo la kufa na kupona.

Kuanzia mwaka 1980 hadi mwaka 2004 ugonjwa wa tauni ulirudi mara kwa mara katika vijiji vya milima hii, hasa upande wa Shume, Mlalo na Mtae. Katika miaka hiyo watu zaidi ya 7,000 waliugua, na zaidi ya 600 wakafa. Huenda babu au bibi yako anakumbuka nyakati hizo. Ukimwuliza, muulize kwa adabu, kwa maana huenda alifiwa.

Bakteria wa tauni aligunduliwa na Alexandre Yersin huko Hong Kong mwaka 1894. Huishi katika panya na wanyama wengine wadogo, na huchukuliwa na viroboto. Panya akifa, kiroboto humwacha na kutafuta damu nyingine. Akimwuma mtu, tundu analoliacha ni dogo kuliko ncha ya sindano, na ndipo bakteria anapopita. Baada ya siku chache mtu hushikwa na homa kali, na matezi ya kinenani au ya kwapani huvimba yakauma sana; uvimbe huo huitwa mitoki. Hutokea hasa upande ule ulioumwa: kiroboto akiuma mguu, mtoki huwa kinenani. Dawa ipo. Streptomaisini na dawa nyingine za namna hiyo huponya tauni, ikiwa mgonjwa atapelekwa hospitali mapema. Akichelewa, bakteria huingia katika damu au mapafu, na hapo huweza kufa kwa muda mfupi sana.

Ukiona panya wengi wamekufa nyumbani, ghalani au shambani, usiwaguse, na usimwache mdogo wako awachezee. Mwambie mzazi au mwalimu, naye atatoa habari kwa mganga wa zahanati au kwa uongozi wa kijiji. Lala kitandani, si sakafuni, kwa kuwa kiroboto haruki juu sana. Mahindi yahifadhiwe mbali na chumba cha kulala, maana panya hufuata chakula na kiroboto humfuata panya.

Maswali na kazi ya kufanya

1. Maji ya bwawa la hoteli yanatoa mapovu mengi. Rafiki yako anasema, "Haya yamechemka, hayana vijidudu." Utamjibu nini?

2. Kwa nini vipele vinavyoletwa na sudomonasi havitokei kwenye kiganja, na kwa nini huwa vingi chini ya vazi la kuogelea?

3. Bakteria watatu wamebaki katika dodoki saa 12 jioni. Ikiwa kila mmoja hujigawa kila nusu saa, watakuwa wangapi saa 4 usiku?

4. Katika jaribio la maziwa, chupa ya kwanza na ya tatu zilikaa mahali pamoja. Eleza kwa nini ilikuwa lazima kufanya hivyo.

5. Kwa muda wa juma moja, tazama mahali dodoki, vitambaa na taulo za nyumbani kwenu zinapowekwa baada ya kuoga. Andika kila siku asubuhi kama zimekauka au bado zimerowa, na kama siku hiyo kulikuwa na jua, mvua au ukungu. Leta daftari lako darasani siku ya Jumatatu, ulilinganishe na la mwenzako anayekaa kijiji kingine.